Dakika za Mtoto Uwanjani: Maswali ya Makocha na Wazazi wa Soka la Vijana

Barua nyingi zilizotufikia mara hii zimetoka kwa makocha wa watoto na kwa wazazi. Zinazungumzia upendeleo, kelele za pembeni mwa uwanja, fedha, umri na mawakala. Lakini ukizisoma hadi mwisho, nyingi zinadai dakika za kucheza: nani anazigawa, kwa kigezo gani, na kwa nini mtoto fulani hazipati. Ndiyo maana swali la kwanza tumelijibu kwa kirefu kuliko mengine.

SWALI: Nina watoto 34 wa chini ya miaka 13 na timu moja. Mechi zetu ni dakika 60. Kila Jumamosi jioni simu inajaa wazazi wanaouliza kwa nini mtoto wao hakucheza. Nikiwachezesha wote tunafungwa, na wazazi hao hao wanasema kocha hajui kazi. Nifanyeje? (Kocha, Temeke)

JIBU: Mwalimu, tuanze na hesabu, maana ugomvi wenu uko hapo. Mechi ya dakika 60 ina wachezaji kumi wa ndani ukimtoa kipa, kwa hiyo kuna dakika 600 za kugawa. Kwa watoto 34 na timu moja, hata ukigawa sawasawa kila mmoja hafikishi dakika 20. Na kwa kuwa hakuna kocha anayegawa sawasawa, kila wiki kuna kundi zima linalorudi nyumbani na jezi safi. Hilo haliponywi na kikao cha wazazi. Kikosi ni kikubwa mno.

Wagawe wawe timu mbili za watoto 17. Kila timu iwe na makipa wawili, kila mmoja adake kipindi kimoja. Wanabaki 15 wa ndani. Watano wacheze dakika zote 60, na kumi wacheze kipindi kimoja kimoja: 300 na 300, jumla 600. Hakuna aliyeshuka chini ya dakika 30, na bado una nafasi tano za kuwapa wanaojituma. Ukomo wa hesabu hii ni watoto 22 kwa timu. Hapo kila mmoja anapata nusu mechi na wewe hubakiwi na dakika hata moja ya ziada. Sisi tunashauri kikosi kisizidi 18, maana lazima ubaki na kitu cha kumpa mtoto aliyefanya bidii wiki hiyo.

Timu hizo mbili usizifanye moja ya wazuri na nyingine ya waliosalia. Zisawazishe: beki hodari huku, beki hodari kule, na viungo vivyo hivyo. Kila baada ya wiki sita zichanganye upya. Mashindano yakiruhusu timu moja tu, peleka timu hizi kwa zamu, au chagua kikosi kwa vigezo ulivyovitangaza mapema, na wasiokwenda watafutie mechi ya kirafiki wikiendi hiyo hiyo. Kabla ya kulipa ada ya ushiriki, muulize mwandaaji kama mchezaji aliyetoka anaweza kurudi uwanjani. Sheria za mchezo zinaruhusu utaratibu huo kwenye soka la vijana iwapo shirikisho la nchi limekubali, na kwa kocha wa watoto tofauti yake ni kubwa.

Mabadiliko yote yafanye wakati wa mapumziko. Kubadilisha kila dakika tano kunavuruga safu ya ulinzi, na mtoto anayejua atatolewa wakati wowote hucheza akitazama benchi. Katika wale watano wa dakika 60, hakikisha kila mara yumo beki wa kati mmoja na kiungo wa kati mmoja, ili timu isianze upya kabisa kipindi cha pili. Walioanzia kipindi cha pili wiki hii waanze cha kwanza wiki ijayo. Kosa la kawaida ni kumpa mtoto dhaifu kipindi cha pili kila wiki, mchezo ukiwa umeshaamuliwa. Mzazi analiona hilo, na mtoto analiona mapema zaidi.

Nunua daftari la mistari. Andika jina, tarehe, nafasi aliyocheza, dakika za siku hiyo na jumla ya dakika tangu msimu uanze. Msaidizi wako ashike saa na kuandika palepale uwanjani, siyo usiku kwa kukumbuka. Mzazi akija na malalamiko, fungua ukurasa wa mtoto wake. Mjadala wa upendeleo huisha haraka mbele ya namba, na ikiwa kweli mtoto amepunjwa, nawe utaliona bila kubishana.

Vigezo vya kupata dakika 60 viwe vitatu tu, na vijulikane: mahudhurio ya angalau mazoezi mawili kati ya matatu ya wiki, juhudi mazoezini, kisha kiwango. Mtoto asiyehudhuria bila taarifa anapata nusu mechi yake, basi, haongezewi. Lakini kabla ya kumhesabia mtoto utoro, piga simu nyumbani. Wengi hukosa mazoezi kwa sababu ya nauli, foleni ya maji, au mama amemwachia genge. Huyo hajakosa nidhamu, na kumnyima mechi ni kumwadhibu kwa hali ya nyumbani kwao.

Msimu usianze kabla hujakutana na wazazi kwa dakika 45, palepale uwanjani baada ya mazoezi. Andaa karatasi moja na uisome kwa sauti, kwa sababu wapo watakaoisaini bila kuisoma. Iwe na siku na saa za mazoezi, dakika za chini kwa kila mtoto, vigezo vitatu, ada na inatumikaje, utaratibu wa kuleta malalamiko, na namba ya mtu wa kupigiwa mtoto akiumia. Ahidi mambo yaliyo mikononi mwako tu. Usitaje Simba, Yanga wala Ulaya katika kikao hicho, hata kwa mfano. Wewe unatoa mfano, mzazi anasikia ahadi, na baada ya miaka mitatu atakuja kuidai.

Kuhusu kufungwa: mzazi anahesabu mabao kwa sababu hakuna kitu kingine alichopewa cha kuhesabu. Tangaza malengo matatu ya mechi. Kwa mfano, kipa aanzishe kwa pasi fupi mara nane. Tuunyang'anye mpira ndani ya sekunde sita baada ya kuupoteza, angalau mara kumi. Kila winga amkabili beki ana kwa ana mara tano. Mpe kalamu na karatasi mzazi mwenye sauti kubwa kuliko wote ahesabu lengo mojawapo. Atakuwa na kazi, atayaona mazuri ambayo hakuyaona kabla, na mwisho wa mechi atawasomea wenzake. Mtafungwa baadhi ya mechi, ndiyo. Ila mtoto wa miaka 12 anayekaa benchi mwaka mzima hajifunzi kucheza, na ukifika mwaka wa kumhitaji hutamkuta.

Kwa walio chini ya miaka 10 usicheze kumi na moja kwa kumi na moja kabisa. Cheza saba kwa saba, uwanja mfupi, mpira namba 4. Watoto wale 34 wangetoa timu nne ndogo, na malalamiko mengi yasingezaliwa.

SWALI: Baba wa mchezaji wetu anasimama nyuma ya goli na kumwelekeza mwanawe mechi nzima: "Piga! Rudi! Usimpe huyo!" Mtoto amechanganyikiwa. Nimemwambia baba mara moja tukagombana mbele ya watu. (Kocha, Mombasa)

JIBU: Kumkabili mzazi mbele ya watu, damu ikiwa inachemka, hakujawahi kuleta suluhu. Anza na nafasi aliyosimama. Upande wa pili wa uwanja, mkabala na mabenchi, vuta kamba kati ya vijiti vinne, mita tatu kutoka mstari wa pembeni. Huko ndiko kwa wazazi wote, wakiwemo wa timu ngeni. Nyuma ya magoli asisimame mtu. Agizo likiwa la wote, hakuna atakayejiona ameandamwa.

Pili, waeleze kinachotokea kwa mtoto. Mchezaji wa umri huo anapopokea mpira anapaswa kuwa ameshatazama pembeni na kuamua. Akisikia sauti mbili, ya kocha na ya baba, hunyanyua kichwa kumtafuta baba, na beki anafika. Zaidi ya hapo, amri ya "piga!" inamfundisha kuuondoa mpira ili asikosee mbele ya mzazi. Wazazi wakiambiwa hivyo kwa utulivu, wengi hupunguza wenyewe. Kushangilia ruksa, kutaja jina ruksa, kupongeza hata mtoto wa timu nyingine ruksa. Kuelekeza mchezo, kumsema mwamuzi na kutaja kosa la mtoto wa mwenzako, hapana.

Tatu, teueni mlezi wa wazazi, mmoja wao, mtu mzima anayeheshimika. Huyo ndiye anayemsogelea mwenye kelele na kumtuliza. Kocha abaki na watoto.

Nne, malalamiko yasubiri saa 24 baada ya mechi. Wazazi wote walijue hilo tangu kikao cha kwanza. Akikufuata palepale mwambie: "Baba Salim, nimekusikia na nataka tuongee vizuri. Kesho saa kumi na moja jioni, baada ya mazoezi, nitakuwa hapa na daftari." Kisha ondoka kwa heshima. Siku ya pili muwe watatu: wewe, yeye na mlezi wa wazazi. Mtoto akiwa na miaka 14 au zaidi naye awepo, maana mambo ni yake. Dakika 20 zinatosha. Muulize kwanza yeye anaonaje maendeleo ya mwanawe, usikilize mpaka amalize, ndipo uonyeshe daftari. Mzungumzie mtoto wake tu. Akianza kumlinganisha na mtoto wa fulani, mrudishe kwa upole: "Huyo mama yake hayupo hapa, tusimseme." Maliza kwa jambo moja ambalo mtoto atalifanyia kazi kwa wiki nne na tarehe ya kukutana tena.

Ikiwa baada ya hayo kelele zinaendelea, mzazi akae mbali na uwanja kwa mechi mbili, kama karatasi aliyoisaini inavyosema. Mtoto aendelee kucheza. Usimwadhibu mtoto kwa mdomo wa baba yake.

Na kundi la WhatsApp lifungeni: wasimamizi pekee waandike, na yaandikwe matangazo tu. Mijadala ya mechi humo ndani usiku wa Jumamosi imevunja timu nyingi.

SWALI: Mwanangu ana miaka 13, mfupi, mwembamba. Ana akili ya mpira kuliko wenzake lakini kocha anawachezesha wenye miili. Nimhamishe? (Mama, Morogoro)

JIBU: Mama, usimhamishe bado. Umri kati ya miaka 12 na 15 ndio wenye tofauti kubwa kuliko wote. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi karibu na miaka 14, wengine mapema zaidi, wengine baadaye, na watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kutofautiana kimwili kwa miaka kadhaa. Kuna pia suala la mwezi wa kuzaliwa. Mashindano yakihesabu umri kuanzia Januari, wa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, na makocha wa nchi nyingi huwachagua zaidi wa miezi ya mwanzo wakidhani ni kipaji.

Mwili mdogo una faida yake kama mtoto atapewa dakika, kwa sababu analazimika kujifunza kujiweka mahali sahihi na kuuachia mpira mapema. Muulize kocha mambo matatu: mwanangu amecheza dakika ngapi tangu msimu uanze, katika nafasi ipi, na afanyie kazi nini. Kocha akikujibu kwa namba na kwa jambo mahususi, mvumilie. Akikujibu "ngoja akue kwanza" bila dakika yoyote, hapo ndipo utafute kituo kingine, ikiwezekana mwisho wa msimu.

Kocha naye anaweza kutenga siku moja ya mazoezi kwa mwezi na kuwapanga watoto kwa urefu na uzito badala ya umri. Wadogo watapata nafasi ya kuongoza mchezo. Wakubwa, waliozoea kushinda kwa nguvu, watalazimika kutumia miguu na akili.

Njiani kurudi nyumbani usimchambulie mechi. Akitaka kuisimulia, msikilize. Asipotaka, mnunulie mua mwende zenu.

SWALI: Mzazi mmoja ametununulia jezi na mipira sita. Sasa anataka mwanawe aanze kila mechi na awe nahodha. (Mwenyekiti wa kituo, Mwanza)

JIBU: Mrudieni kwa shukrani na kwa maandishi. Barua itaje alichotoa, imshukuru mbele ya wazazi wote, na iseme wazi kwamba upangaji wa kikosi ni wa kocha peke yake na unafuata daftari la dakika. Kuanzia sasa msaada wowote upitie kwa mweka hazina, utolewe risiti, na barua hiyo isainiwe kabla ya kupokea mzigo. Akikataa kusaini, msipokee.

Tunajua mipira ni adimu. Lakini mkimchezesha mtoto huyo kwa ajili ya jezi, wazazi wengine watajua ndani ya wiki mbili na wataacha kulipa ada, na hasara yake itaizidi thamani ya mipira sita. Mtoto mwenyewe ndiye anayeumia zaidi: wenzake watamnyima pasi. Nahodha apigiwe kura na wachezaji, kila miezi mitatu.

SWALI: Wazazi wawili wamenifuata niwasaidie "kupunguza" umri wa watoto wao miaka miwili ili wachaguliwe timu za vijana. Wanasema kila mtu anafanya. (Kocha, Arusha)

JIBU: Kataa, na uwaeleze sababu ambazo zitawagusa.

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, hakisimami peke yake. Kuna kadi ya kliniki, sajili ya shule ya msingi, mtihani wa darasa la saba na pasipoti. Umri ukibadilishwa sehemu moja, nyaraka zinapingana, na mtoto anakwama miaka ya mbele kwenye chuo, ajira au viza. Kwenye mashindano ya chini ya miaka 17 kuna kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, ambacho FIFA imekitumia tangu Kombe la Dunia la umri huo la mwaka 2009. Kinaangalia sehemu laini ambapo mfupa hukulia: ikiwa imefunga kabisa, mchezaji anaondolewa. Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana ya Tanzania, walifuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 za mwaka 2005 nchini Gambia, wakaenguliwa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Kikosi kizima cha vijana kilipoteza nafasi ambayo huja mara moja maishani.

Kuna madhara mengine yasiyosemwa sana. Kijana wa miaka 16 akicheza na wa 13, anavunja miguu ya watoto. Naye mwenyewe hajifunzi, kwa sababu anashinda kwa mwili. Akifika timu ya wakubwa mwili wake si ajabu tena, na ufundi hana.

Ikiwa cheti kimekosewa kweli, na hilo hutokea, mzazi aende RITA mapema akiwa na kadi ya kliniki na barua ya shule, kosa lirekebishwe kihalali kabla mtoto hajasajiliwa popote. Na tahadhari kwa makocha: mtoto mwenye ndevu si lazima awe mdanganyifu. Wapo wanaobalehe mapema. Angalia nyaraka, usihukumu kwa sura wala kumtania mbele ya wenzake.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 14 ana timu ya shule, kituo cha jioni, na mimi namkimbiza asubuhi ufukweni. Siku hizi analalamika maumivu chini ya goti. Wenzake wanasema ni uvivu. (Baba, Tanga)

JIBU: Si uvivu. Mfupa unaporefuka haraka, misuli ya paja huwa haijaufikia, hivyo inavuta kwa nguvu pale inapojishika chini ya goti, kwenye kinundu cha mbele. Wengine hupata maumivu hayo kisiginoni. Kukimbia kwingi, kuruka na kupiga mashuti kunazidisha.

Jumlisha saa zake zote za mazoezi na mechi kwa wiki. Kanuni inayotumiwa na madaktari wengi wa michezo ni kwamba saa hizo zisizidi miaka ya mtoto, kwa hiyo kwake ni 14 kwenda chini, na tungependa ziwe 10 wakati huu anaporefuka. Acha mbio za asubuhi leo. Apumzike siku mbili kamili kwa wiki. Kipindi cha UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, anapokuwa kambini na timu ya shule, kituo cha jioni kisimame kabisa, na makocha wawili hao wapeane namba za simu. Mara nyingi kila mmoja hajui mwenzake amemkimbiza mtoto kiasi gani.

Mpime urefu ukutani kila baada ya miezi mitatu, asubuhi, bila viatu. Akiongezeka sentimita mbili au zaidi, ni muda wa kupunguza miruko na mbio za kasi na kubaki na ufundi wa mpira. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 baada ya mazoezi, husaidia. Maumivu yakimfanya achechemee, yakimwamsha usiku, au goti likivimba, ni hospitali, siyo mchuaji wa mtaani.

Kocha naye atumie dakika 20 za mwanzo kwa mpango wa FIFA 11+ wa kupasha mwili moto na kuzuia majeraha, angalau mara mbili kwa wiki: kukimbia taratibu, mazoezi ya nguvu na mizani, kisha mbio za kubadili mwelekeo. Hauhitaji kifaa chochote zaidi ya koni na mipira. Unakosa maana pale watoto wanapoufanya kwa haraka, magoti yakiingia ndani wanapotua. Hapo simamisha, rekebisha, urudie.

SWALI: Mtu anayejiita wakala anataka shilingi milioni nne ampeleke mwanangu wa miaka 15 majaribio Ulaya. Na kituo anachochezea mwanangu kimenisainisha mkataba wa miaka kumi. Nikimwachia, nitapata asilimia ngapi akiuzwa? (Mzazi, Dodoma)

JIBU: Milioni nne usitoe. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Milango iliyo wazi ni michache, kwa mfano: wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu mpira, vijana wa miaka 16 hadi 18 wanaohama ndani ya Umoja wa Ulaya au Eneo la Kiuchumi la Ulaya, na mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 za mpaka, akaendelea kulala kwao, na klabu ya nchi jirani nayo iwe ndani ya kilomita 50 za mpaka huo. Hili la mwisho linaweza kumhusu mtoto wa Holili anayechezea Taveta, ng'ambo ya mpaka, Kenya. Halimhusu mtoto wa Dodoma anayeitwa Ubelgiji. Na kwa kawaida kibali cha FIFA kinatangulia.

Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya FIFA kabla ya kumjibu simu. Haruhusiwi kumwendea mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi, wala kumwendea mapema mno kabla ya umri wa mkataba wa kwanza wa kulipwa. Klabu inayomtaka mchezaji kweli haiombi mzazi nauli. Hatari kubwa ni kijana kuachwa ugenini na viza ya utalii iliyokwisha muda.

Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Tanzania, alizaliwa Desemba 1992. Alicheza ligi ya nyumbani, akaenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011, na aliingia Genk ya Ubelgiji Januari 2016 akiwa na miaka 23. Kuna muda.

Mkataba wa miaka kumi: kwa mchezaji wa chini ya miaka 18, mkataba wa kulipwa hauwezi kuzidi miaka mitatu, na kinachozidi hapo hakitambuliwi. Pelekeni nakala kwa mwanasheria au kwa chama cha soka cha mkoa.

Asilimia za malezi haziendi kwa mzazi. Mchezaji anapouzwa klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea: asilimia 0.25 kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka kuanzia 16 hadi 23. Kituo kilichomlea miaka minne ile ya mwanzo kinastahili asilimia 1; kwenye ada ya shilingi bilioni moja ni milioni kumi. Lakini kituo hulipwa ikiwa ni klabu iliyosajiliwa na mtoto aliandikishwa humo rasmi, miaka hiyo hiyo. Makocha, hapa ndipo mnapopoteza haki yenu: mnalea kwa miaka sita bila hata usajili wa TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kisha mnajaribu kujilinda kwa mikataba ya miaka kumi isiyo na nguvu. Sajilini kituo, mwandikisheni mtoto, na mweleze mzazi hesabu hii mapema.

SWALI: Binti yangu wa miaka 12 anapenda mpira na shule imemchagua. Baba yake anasita kwa ajili ya mavazi na usalama. (Mama, Unguja)

JIBU: La mavazi limeshatatuliwa. Tangu mwaka 2014 sheria za mchezo zinaruhusu hijabu: iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi, isishonwe kwenye jezi, isiwe na pini wala ncha zinazoning'inia. Ya kuvaa kwa kuvuta kichwani ndiyo bora. Suruali ya kubana ndani ya bukta nayo inaruhusiwa, rangi ifanane na bukta.

La usalama, mzee ana haki ya kusita na anastahili majibu ya wazi. Mwombeni kocha kikao, na mzee aulize mwenyewe: nani mwanamke mtu mzima atakayekuwepo kila mazoezi na kila safari? Wasichana wanabadilishia nguo wapi? Nani anawarudisha, na saa ngapi? Kocha hapaswi kubaki peke yake na mtoto mmoja wala kumwandikia ujumbe binafsi. Taarifa zote zije kwa mzazi. Mazoezi yaishe saa kumi na mbili kasorobo ili wafike nyumbani kabla ya giza. Kama timu haina mwanamke wa kusimamia, Mama, jitolee wewe. Meneja wa timu anatunza orodha ya simu, maji, sanduku la huduma ya kwanza na taulo za kike, na kazi hiyo haihitaji leseni ya ukocha.